Amin ya Bi Riyama

Siku tisa kabla ya nikaha ya mwanawe, Bi Riyama alitoa mkono kwenye beseni la unga wa mchele, akaupangusa kwa upindo wa kanga, akashika simu atazame saa. Badala ya saa akakutana na maandishi madogo ya kijivu katikati ya kioo. Yalisema kwamba Hija ameondoka kwenye kundi.

"Rasha!"

"Naam, mama!"

"Njoo unisomee. Ami yako kaondoka kenda wapi?"

Rasha, biharusi mwenyewe, alitoka chumbani na kichwa nusu kimesukwa nusu bado. Akaitazama simu bila ya kuigusa, maana ilikuwa imejaa unga.

"Hakwenda pahala. Kalefti. Katoka kwenye grupu."

"Nani kamtoa?"

"Hakutolewa na mtu, mama. Katoka mwenyewe kwa kidole chake."

Watu hutoka kwenye magrupu kila siku na jua halisimami. Lakini Hija si watu. Hija ni kaka mkubwa wa marehemu Muhammad, mume wa Bi Riyama, na Rasha hana baba, hana babu, hana kaka. Walii wake, wa kumuozesha, ni huyo huyo Ami Hija, dalali wa samaki wa Mkokotoni, na bila ya walii hakuna nikaha. Kwenda kwa kadhi ni njia iliyo wazi, hakuna aliyekataa, lakini mtoto kuozwa na kadhi na hali ami yake yu hai na ana afya yake ni aibu ya kusimuliwa mpaka wajukuu. Bi Riyama alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi, nazi nusu imekunwa, akajiuliza kamkosea nini.

Grupu lile alilianzisha marehemu, na jina alilipa mwenyewe: Damu Nzito. Akawatia humo watu wake wa Tumbatu na Mkokotoni, na watu wa mkewe wa Mji Mkongwe, wale wenye majina marefu na nyumba zinazovuja. Alidhani watapelekeana salamu za Idi. Akafa akiwa bado anadhani hivyo. Ulipoingia mwaka wa uchaguzi, damu ikawa nzito kwelikweli. Upande wa mume walikuwa watu wa chama kinachotawala, na Hija ndiye katibu wa tawi. Upande wa mke walikuwa wapinzani wa kuzaliwa nao, na kipaza sauti chao alikuwa Nadir, mtoto wa kaka yake Bi Riyama, kijana anayetembeza wageni Jozani kuwaonyesha kima punju. Mchana mzima anawaeleza Wazungu habari za kima, magharibi ikiingia anawaeleza ukoo habari za nchi.

Wakirushiana picha, wakihesabiana bendera, wakipigana mafumbo. Zaidi ya yote walikuwa wakipelekeana voisi, jumbe za sauti. Na voisi ya Mzanzibari si kitu cha kukurupuka, ina adabu zake. Huanza na salamu ndefu isiyokatwa, ikaja hali, ikaja kumsalia Mtume, wakaombewa waliotangulia, wakaombewa wagonjwa, ndipo mtu afike kwenye alilolikusudia, na pengine umeshapita muda wa kuchemsha birika.

Bi Riyama hakuwa na muda huo. Alikuwa akioka mikate ya kumimina ya watu wa shughuli, ishirini, thelathini kwa siku, na mkono wenye unga haushiki simu. Basi alikuwa na utaratibu wake. Akisikia salamu na mwanzo wa dua, huandika Amin. Simu yenyewe ilikuwa imeshamzoea, akigusa herufi ya kwanza tu inalimalizia neno. Akiandika Amin kwa Hija, akiandika Amin kwa Nadir, na ukoo mzima ukimsifu. Bi Riyama hana upande, walisema. Bi Riyama ni mtu wa watu. Yeye mwenyewe aliamini hivyo, na kusema kweli alijipenda kidogo kwa hilo.

Siku ile alimpigia Hija mara tatu. Simu iliita mpaka ikachoka. Akamwandikia, "Shikamoo shemeji, kuna nini?" Alama mbili zikageuka buluu, jibu halikuja.

"Ni sare," alisema mwishowe. "Walaa si jengine. Picha ya kanga za sare niliituma Jumatatu."

"Mama, mimi nilikwambia. Zambarau ile."

"Si zambarau. Ni bilingani."

"Na bilingani lina rangi gani?"

Bi Riyama akakumbuka. Zambarau ina wenyewe, wapinzani. Basi abadilishe, lakini abadilishe nini? Kijani ina wenyewe, manjano ni ya hao hao wa kijani, na ndugu zake hawataivaa hata kwa kufungwa kamba. Nyekundu nayo aliona ina wenyewe, hakukumbuka akina nani. Nyeupe je? Nyeupe kwenye harusi, mtu si atauliza maiti yuko wapi! Alikaa akihesabu rangi alizoziumba Mwenyezi Mungu na kila moja akaiona imeshachukuliwa na chama. Mkate ukaungua huku akiunusa bila ya kujua ni harufu ya nini.

Ilikuwa alasiri Nadir alipoingia, viatu mkononi, vumbi la Jozani mpaka kwenye nyusi. Akainama akambusu shangazi yake mkono, na akaushika asiuachie.

"Shangazi, hongera."

"Ya harusi? Bado siku tisa."

"Ya msimamo! Mimi siku zote nikiwaambia, shangazi kimya chake kina jambo. Na juzi umewaonyesha."

"Nimewaonyesha nini? Nadir, mimi leo kichwa hakimo. Sema Kiswahili."

"Ile Amin yako, shangazi. Umeitikia mara tatu."

Bi Riyama alimtazama, akamtazama Rasha, na Rasha akaanza kurudi nyuma kwenye simu, juu, juu, juu, mpaka voisi ya Nadir ya Jumamosi. Dakika saba. Chini yake lilikuwapo jina la Bi Riyama na maneno yake: Amin, amin, amin ya Rabbi.

Wakaisikiliza. Dakika ya kwanza salamu. Ya pili na ya tatu Nadir aliwaombea marehemu kwa majina, mmoja mmoja. Ya nne akaiombea kheri harusi ya Rasha na baraka mikate ya shangazi yake, na hapo ndipo Bi Riyama, kwa kumbukumbu zake, alipoitia simu kidole. Dakika ya tano sauti ya Nadir ikapanda. Akawaombea wale waliokigeuza kisiwa kuwa mnada. Madalali, alisema, wanaoinadi nchi kama fungu la samaki changu, Yaa Rabbi wafunge ndimi zao, wakaushe sauti zao, wasinadi tena.

Rasha akaliepua birika lililokuwa likichemka.

"Madalali," alisema Bi Riyama.

"Madalali wa siasa, shangazi. Ni tamathali ya usemi."

"Nadir. Kwenye ukoo wetu dalali ni mmoja."

Nadir akakuna shingo. Hapo ndipo alipolitoa jingine, kwa sauti ndogo, na usoni mwake hamkuwa tena na ushujaa. Marafiki zake wa Mkokotoni wamemwambia kwamba Ami Hija hana sauti. Tangu Jumapili. Alisimama mnadani asubuhi, samaki wamepangwa, watu wamemzunguka, akafungua mdomo ikatoka pumzi. Akajaribu tena. Mnada akaushika dalali mwengine, Mjaka, na maneno yakaanza hapo hapo kwamba mzee kasomewa halbadiri, kaapizwa, na walioitikia ni wa nyumbani mwake.

"Mimi nimeomba dua tu, wallahi," alisema Nadir. "Halbadiri sikusoma. Hata siijui inavyosomwa. Mafua yale, shangazi. Sasa hivi ni msimu wa mafua." Lakini alisema kama mtu anayetaka kuambiwa hivyo.

"Ifute," Bi Riyama alimwambia Rasha. "Amin yangu, ifute."

"Muda ushapita, mama. Haifutiki kwa wote, nnaweza kukufutia wewe peke yako."

"Mimi ntafutiwa nini, mimi ndiye niliyeandika! Na huko juu?" Alinyoosha kidole darini. "Huko nako muda ushapita?"

Bi Riyama alijaribu kulifikiria jambo lenyewe kwa utulivu na likamponyoka kila alipolishika. Kama dua ilikubaliwa, basi yeye kamnyamazisha shemeji yake, na walii asiye na sauti atasemaje nimekuozesha? Kama haikukubaliwa, basi ni mafua, na mafua hayamtoi mtu kwenye grupu. Na yeye mwenyewe je, yuko upande gani? Ameunga mkono kitu ambacho hakukisikia, dhidi ya mtu ambaye hakumkusudia, na sasa upande mmoja unamshangilia na wa pili unamuogopa. Akacheka, halafu akaona machozi yanamtoka, akashindwa kujua ni ya kicheko au ya jengine. Kitu kimoja tu alikuwa na hakika nacho: afike Mkokotoni kesho, aseme kweli. Kweli yenyewe nzuri, haina lawama. Hakuisikiliza voisi.

Nadir alimpeleka kwa gari lake la wageni. Bububu walipita kati ya bendera, za huyu mkono wa kulia na za yule mkono wa kushoto, na Bi Riyama akiinamisha macho asije akaonekana ametazama zaidi upande mmoja.

"Utaingia umuombe radhi," alisema.

"Ntamuombea afya, shangazi. Radhi ya siasa siombi. Yeye na chama chake mbona hawajatuomba?"

"Basi kaa garini."

Akakaa garini, chini ya kivuli cha ukuta, vioo kavipandisha.

Mwanakheir, mke wa Hija, alimpokea mlangoni. Mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Wakabusiana mikono, wakaulizana hali mpaka hali zikaisha. Ndani Hija alikuwa ameketi juu ya mkeka, shali limezunguka shingo, mbele yake kikombe cha tangawizi. Mtu ambaye sauti yake ukiisikia sokoni hujui kama anauza au anagombana, leo alikuwa amekaa kama mgeni nyumbani kwake.

"Shikamoo, shemeji."

Midomo yake ikacheza. Kama ilikuwa Marahaba au siyo, Bi Riyama hakuisikia, na hakuthubutu kuamkia mara ya pili. Alikaa pembeni ya mkeka, akaanza. Alisema vizuri, maana alikuwa ameyapanga tangu nyumbani kwake Vuga.

"Shemeji, nimekuja kukuondolea dhana. Ile dua ya Nadir mimi sikuisikiliza. Naapa kwa Mungu. Nilisikia mwanzo wake, kaniombea mtoto, nikaitikia. Yale ya mbele nimeyasikia jana, na mimi mwenyewe yamenichoma."

Hija alimtazama. Akamwashiria mkewe ainame, akamnong'oneza.

"Anasema," alisema Mwanakheir, "mtu atasemaje Amin kwa asilolisikia?"

"Ndiyo mazoea yangu, shemeji. Mimi voisi zenu huwa sizisikilizi. Mikono yangu siku nzima ina unga. Nikisikia salamu na dua, naandika Amin, naweka simu. Muulize Rasha."

Aliuona uso wa Hija ukilegea, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu jana. Kumbe ni jepesi! Hakuwa na chuki, hakuwa na halbadiri, alikuwa mwoka mikate. Hija akawa karibu kucheka, mabega yakashuka. Halafu akasita. Akamnong'oneza mkewe tena, na safari hii Mwanakheir alichelewa kidogo kulitoa.

"Anauliza, hata voisi zake yeye?"

"Hata zake," alisema Bi Riyama, na akatabasamu. "Mimi sina ubaguzi, shemeji. Zenu nyote."

Hija akachukua simu yake. Akatafuta muda mrefu, kidole kikipanda na kupanda, miezi saba nyuma, mpaka akakipata alichokitaka, voisi aliyompelekea Bi Riyama peke yake, nje ya grupu. Akaiweka simu juu ya mkeka, katikati yao, akabonyeza.

Sauti yake ikatoka nzima, ile ya mnadani.

"Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Bi Riyama, mke wa ndugu yangu, natumai hujambo na mwanangu Rasha hajambo. Mwenyezi Mungu amrehemu Muhammad, amtilie nuru kaburini mwake, na sisi atupe khatima njema..."

Hapa, alijua Bi Riyama. Ni hapa nilipoandika.

"...Sasa, shemeji, nshakupigia mara mbili hukupokea. Mimi niko Tumbatu, bahari imechafuka, hapana chombo kinachovuka. Mwanakheir tumbo limemshika, damu inamtoka. Majirani wamemfikisha hospitali mjini, wamemlaza, nao wamerudi, wana watoto wao. Yuko peke yake. Wewe hapo Vuga na hospitali ni pua na mdomo. Nenda kakae naye mpaka nipate njia ya kuja. Nshamwambia kwamba unakwenda. Tafadhali, Bi Riyama. Nambie kama umenipata."

Ikanyamaza. Chini yake, kwenye kioo, jibu lilikuwapo, na saa yake imeandikwa, dakika mbili tu baadaye: Amin. Amin ya Rabbi.

Bi Riyama alijitahidi kuikumbuka siku yenyewe na hakuikumbuka. Ilikuwa siku ya mikate, kama siku nyengine zote. Alichokikumbuka ni kwamba habari za ugonjwa wa Mwanakheir alizipata baada ya wiki, njiani, kwa mtu mwengine, na akaona vibaya kwamba hawakumwambia. Alilalamika hata. Kwani mimi ni mtu wa mbali, alisema. Akapeleka mikate miwili kwa mkono wa mtu, na akajihisi amewatendea wema watu waliomtenga.

Hija alikuwa akinong'ona, na Mwanakheir akiyapokea maneno na kuyatoa moja moja, macho chini.

"Anasema, wiki ile mlikuwa mmegombana kwenye grupu, watu wako na watu wake, kwa habari za mkutano wa hadhara. Anasema, mimi nilipolia kwamba hukuja, yeye aliniambia nisikuweke moyoni. Aliniambia ni siasa. Siasa humtoa mtu akili, ikipita anarudi. Anasema, tulikusamehe kwa hilo."

Hija akakohoa, akanywa tangawizi, akasema neno jengine ambalo Bi Riyama alilisikia mwenyewe bila ya mkalimani.

"Kumbe haikuwa siasa."

Bi Riyama alitamani kusema kwamba ilikuwa siasa. Wallahi alitamani. Angelimwita Nadir kule garini amuazime hasira zake, bendera zake, mnada wake wa nchi, aseme ndiyo shemeji, nilikuchukia kwa ajili ya chama. Hilo lina msamaha, hilo washalisamehe. Alitafuta ndani yake upande wowote wa kushika na hakuupata. Alikuwa hana upande, kama walivyomsifu, na sasa aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

"Nisameheni," alisema. Ndilo neno alilolipata, na lilitoka dogo.

Hija aliinama, akamnong'oneza mkewe maneno marefu, marefu kuliko yote ya mwanzo, na mkono wake ukipiga mkeka taratibu. Mwanakheir alisikiliza mpaka mwisho.

"Anasema Ijumaa ya nikaha atakuja," alisema. "Rasha atamuozesha yeye mwenyewe, ni mtoto wa ndugu yake. Na kama sauti haijarudi, atampa uwakili shehe, aseme kwa niaba yake."

"Na jengine kasema nini?" aliuliza Bi Riyama, maana yale maneno hayakuwa hayo tu, na alijua.

Mwanakheir aliyaacha yale ya mumewe, akachukua kikombe cha tangawizi kilichokwisha, akakifuta ukingo kwa kidole, asikitazame kikombe wala mgeni.

"Pale wodini palikuwa na kiti kimoja pembeni ya kitanda changu," alisema. "Nesi akaja kukitaka, mgonjwa wa pili alikuwa na watu wamesimama. Nikamwambia kiache, Mama Rasha yuko njiani. Akaja tena, nikamwambia hivyo hivyo. Mpaka asubuhi kilikuwa hakijakaliwa na mtu."